Upande Wake wa Kulia

Mume wangu Denzil alipoteza jicho la kulia mgodini majira ya baridi, na tangu hapo nyumba yetu ilikaa kama yenye mgonjwa mahututi, ingawa mgonjwa mwenyewe alikula, akatembea na akatukana vizuri tu. Sasa msimu wa kuwinda kindi ulikuwa unafunguliwa kesho. Tangu tuoane hajaukosa hata mmoja. Nilijua asipoingia msituni kesho hataingia tena, atakaa kwenye kiti kile cha barazani mpaka tumzike. Bunduki yake ya zamani alishaigawa kwa hasira. Basi nikamwita mdogo wake, Arlie, alete zake tuchague.

Arlie alikuja na tatu, akazilaza juu ya blanketi nyuma ya pikapu. Zote zilikuwa za ishirini na mbili, bunduki za risasi nyembamba zinazotosha kindi, na mikebe tuliyoipanga juu ya gogo kwa kujaribia shabaha.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

"Mgonjwa mama yako," Denzil akajibu kutoka barazani.

"Mama yangu ndiye wako, kaka. Mwache marehemu apumzike."

Nilicheka peke yangu. Denzil akashuka kuzijaribu.

Shida ilikuwa bega. Jicho la kulia likishakwenda, unalazimika kupigia bega la kushoto, na bunduki nyingi hazikutengenezewa watu hao. Ya kwanza komeo lake la kupakia risasi lilikuwa kulia. Kila risasi Denzil alipitisha mkono juu ya bunduki kama mtu anayejikuna mgongo. Ya pili ilijipakia yenyewe, na ganda la moto likamrukia shavuni, chini kidogo ya jicho lililobaki. Akairudisha kwenye blanketi.

Ya tatu ilikuwa na mkono wa chuma kwa chini, unaousukuma mbele na kuurudisha, na huo haujui kushoto wala kulia. Denzil aliishika na uso wake ukalegea. Moyo wangu ukaanza kupanda.

Lakini bunduki ile hupanga risasi zake katika bomba lililo chini ya mtutu, springi inazisukuma moja moja. Arlie alikuwa ameichezesha mpaka hakikutoka kitu, akasema, "Tupu." Kwa marehemu Mama Ova, mama mkwe wangu aliyewafundisha bunduki, hiyo si tupu. Bomba huvutwa nje na bunduki huinamishwa ili risasi iliyokwama ianguke. Na bomba la ile lilikuwa limebonyea kidogo, risasi hukwama humo, sote tulijua.

"Vuta bomba, shemeji," nikamwambia.

"Shemeji, mimi nimekua na hii bunduki. Unanifundisha nini?"

"Nyamazeni wote wawili," Denzil akasema. "Nikishika bunduki sitaki neno la mtu. Miezi yote hii mnanisemesha kama kipofu."

Akachungulia ndani kwa jicho lake, akaridhika. Tukanyamaza. Alipojiweka sawa kitako cha bunduki kikagonga ukingo wa pikapu, na hapo nikasikia kitu kikiteleza ndani ya bomba, mlio mdogo, kisha kimya.

Kwetu mtu akitaka kwenda kupanga mikebe husema "naenda", na bunduki zote huwekwa chini. Arlie alikuwa ameambiwa anyamaze, naye alikuwa amenuna, kwa hiyo alikwenda bila kusema. Tena alipitia kulia kwa Denzil. Nilipogeuka nilimwona amechuchumaa mwisho wa gogo, chini ya ukuta wa udongo unaozuia risasi, ana mkebe mkononi.

Denzil akasukuma ule mkono wa chuma mara moja. Nikaona kitu cha njano kikiingia: risasi iliyokuwa imekwama.

Akaweka bunduki begani, bega la kushoto, akaanza kuupitisha mdomo wa bunduki juu ya mikebe, mmoja baada ya mwingine, kutoka kushoto kwenda kulia. Kidole kilikuwa ndani, kwenye kifyatulio. Alitaka tu kukifyatua kitupu aonje uzito wake. Denzil hakumwona mdogo wake. Upande ule kwake ulikuwa giza tupu.

Nikipiga kelele atashtuka, na kidole cha mtu aliyeshtuka hujikunja chenyewe. Nikimwambia ina risasi atabisha kwanza. Kulikuwa na mkebe mmoja tu kati ya mdomo wa bunduki na kichwa cha Arlie.

Nikasema polepole, kwa sauti ya mtu anayelalamikia viatu vyenye matope, "Denzil, hiyo haifyatuliwi tupu. Utachubua ukingo."

Ndilo neno ambalo Mama Ova aliwaimbia tangu wakiwa wadogo. Pini ya bunduki hizi hupiga ukingo wa risasi; bila risasi hupiga ukingo wa chuma na kuuharibu. Walichapwa kwa hilo.

"Najua," akanung'unika. Kidole kikatoka, bunduki ikashuka.

"Ifungue," nikasema.

Akaifungua. Risasi ikaruka, ikaanguka kwenye blanketi. Tukaitazama. Kisha Arlie akainuka kule kwenye gogo na mkebe wake, na Denzil akageuza kichwa chote mpaka akampata.

"Ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapa, kaka."

Denzil alikaa ukingoni mwa pikapu. "Zirudishe zote," akasema. "Mimi basi."

Nilikasirika, nasema kweli. Niliwakasirikia wote wawili, na ukimya wao wa kijinga. Nikafungua mlango wa mbele wa pikapu, nikaingiza mkono nyuma ya kiti ambako Arlie huweka bunduki ya Mama Ova kwa ajili ya nyoka. Inavunjika katikati kwa bawaba, inakula risasi moja tu, unaitia kwa vidole vyako. Nikamwekea mapajani.

"Hii ya watoto," akasema.

"Ndiyo. Na watoto wote wa Mama Ova wako hai."

Arlie alivua kofia, akatazama chini. Denzil akaivunja ile bunduki, akaingiza kidole chake cha mwisho ndani, kama alivyofundishwa kuhakikisha ni tupu, akakizungusha. Akaifunga. Akaivunja tena.

"Reva," akasema bila kuniangalia. "Kesho utembee kulia kwangu. Na usinyamaze."