Friji Iliyogoma Jangwani

Nadine Haugen alifungua friji atie maziwa kwenye kahawa, akakuta maziwa yana uvuguvugu na siagi imelegea kama iliyosahauliwa juani. Juu ya mlango kitaa cha onyo kilikuwa kinamtazama. Akazima swichi, akawasha tena. Nyuma ya friji kukasikika tik tik tik, cheche zikiutafuta moto wa gesi, kisha kimya, na kitaa kikawaka upya.

Tangu waoane, kitu kikiharibika kazi yake Nadine ilikuwa kukitaja tu. Delbert hakumwachia hata kubadilisha balbu. Lakini masika yaliyopita kiharusi kilimpiga Delbert huko kwao Dakota ya Kaskazini, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia na maneno yakamvurugika. Alichotaka kusema alikijua vizuri. Mdomoni ndiko kulikotoka kingine. Akitaka kijiko huomba ngazi, na kofia yake huiita bata. Hata hivyo baridi ilipokaribia, alisimama kando ya gari lao la kulala, lile lenye kitanda, jiko na friji ndani, akaligonga ubavuni mpaka Nadine akakubali waje Arizona kuota jua, kama miaka yote. Safari hii Nadine ndiye aliyeshika usukani, na njia nzima alikuwa roho juu.

Sasa friji. Jambo la kwanza alichukua sindano za insulini za mumewe na pakiti ya soseji akakimbilia kwa jirani, Lorna Pettibone, mjane wa Kanada mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima ya magari.

"Insulini naipokea," Lorna alisema. "Na hizo soseji?"

"Nazo zitaoza, Lorna."

"Basi lete. Lakini soseji zikishaingia kwangu usiniulize habari zake."

Kisha Nadine akampigia simu fundi wa magari ya kulala. Fundi alimsikiliza kwa haraka, akasema bila shaka bodi ya umeme ya friji imekufa, na yeye ana foleni ya wateja mpaka wiki ijayo. Nadine alikata simu akabaki ameishika. Binti yao, Karin, alikuwa akimwambia kila siku: "Mama, uzeni hilo gari mje mkae karibu nami. Baba akizidiwa huko jangwani utafanyaje?" Na juzi Nadine alikuwa ameitikia. Delbert alikuwa bado hajaambiwa. Alipoitazama siagi ile, alijiona amepata pa kuanzia.

"Delbert," alisema, "fundi anasema bodi imekufa. Nilikuwa nafikiria..."

"Siyo," Delbert alimkatiza. Neno hilo halikumpotea hata siku moja. "Siyo. Siyo kuku."

Akajiinua kwa fimbo yake, akashuka ngazi moja moja, akazunguka hadi ubavuni mwa gari, akagonga kifuniko cha plastiki kilicho nyuma ya friji. Nadine alimfuata mikono kiunoni.

"Unataka nani afungue hapo? Mimi?"

Delbert akamwonyesha sanduku la vifaa kwa kidevu.

"Haya. Ila nikiungua, wewe ndiye utakayepika."

"Mama yangu!" Lorna alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Nadine kashika bisibisi! Ngoja nivae miwani!"

Kifuniko kilitoka. Ndani kulikuwa na bomba la gesi, vumbi la miaka, na kiboksi cheusi chenye bodi iliyosheheni nyaya. Delbert akaelekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto, Nadine akafuata. Kwanza fyuzi: aliichomoa, Delbert akaiinua dhidi ya jua, akaona kiuzi chake kizima, akairudisha. Kisha akatoa sandukuni kipimo cha umeme chenye waya mwekundu na mweusi. Nadine akagusisha mwekundu pale umeme unapoingilia kwenye bodi, na mweusi kwenye fremu ya gari, kwa sababu ndicho chuma kilichokuwa karibu. Namba zikasoma volti kumi na mbili na nusu.

"Umeme unafika," alisema. "Basi fundi kasema kweli. Unafika na bodi haifanyi kazi."

"Siyo! Siyo!" Delbert alifumba macho akitafuta. "Ni... mkate. Aa! Ni Jumapili. Ni shangazi!" Uso ulimwiva. Akapiga fimbo chini, mara ya pili, ya tatu.

"Umechoka? Nikuletee kiti?"

Delbert alitikisa kichwa kwa hasira. Akashikilia gari, akainama polepole, Nadine akimdaka kwapani. Akachota udongo mkavu kwa mkono wake mzima. Aliposimama aliutia katika kiganja cha mkewe, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja juu ya udongo ule, akamtazama machoni.

Tangu hospitali Nadine alikuwa akingoja kitu kama hiki, siku ambayo mumewe angemwambia kwamba anajua anakokwenda.

"Usiniambie hivyo," alisema, machozi yakimtoka. "Delbert, tafadhali. Hatujafika huko. Sitaki kuzungumza habari za kaburi hapa, nyuma ya friji."

Delbert alimkodolea macho. Akautazama udongo, akamtazama mkewe, kisha akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile cha tumboni, ambacho Nadine hakuwa amekisikia tangu masika. Alicheka mpaka akajiegemeza kwenye gari, na Nadine, machozi bado mashavuni, akajikuta naye anacheka bila kujua sababu.

"Kuna nini huko?" Lorna aliuliza.

"Sijui!" Nadine alijibu. "Muulize yeye!"

Delbert alimfuta machozi kwa kidole gumba, akamwachia alama ya vumbi shavuni. Kisha akauchomoa ule waya mweusi wa kipimo kwenye fremu, akauinua. Akaonyesha waya. Akaonyesha udongo mkononi mwa mkewe. Waya tena. Udongo tena.

Nadine akakumbuka asubuhi za theluji kule nyumbani, pikapu imegoma kuwaka, na Delbert anapiga kelele uani: nyekundu kwenye betri, nyeusi kwenye ardhi!

"Ardhi," alisema taratibu. "Waya wa ardhi?"

"Ardhi!" Delbert alitamka. Neno lilitoka zima, safi, likawashtua wote wawili. "Ardhi. Ardhi!"

Nadine akautafuta mguu wa bodi ambako waya wa ardhi umefungwa, akagusisha waya mweusi wa kipimo papo hapo badala ya kwenye fremu. Namba zikaporomoka mpaka nane na kitu. Hapo akaelewa. Umeme ulikuwa unafika sawasawa, ila haukuwa na njia nzuri ya kurudia, na bodi ikabaki na njaa. Aliufuata ule waya kwa vidole hadi kwenye skrubu iliyoufunga kwenye fremu, akakuta kichwa chake kimeota kutu ya kijani. Alizima umeme wote kwanza, Delbert alihakikisha hilo kwa kumshika mkono, kisha akaifungua skrubu, akaisugua kwa msasa pamoja na ncha ya waya mpaka vikang'aa, akaifunga kwa nguvu.

Akaurudisha umeme, akapima: kumi na mbili na nusu. Akaingia ndani, akabonyeza swichi, akatoka mbio kusikiliza. Tik tik tik, kisha fuu, pumzi ndogo, na katika kitundu ukaonekana moto wa buluu umetulia.

Wakabaki wameinama pale, vichwa vimegusana, wakiutazama.

"Karin anataka tuliuze gari," Nadine alisema bila kugeuka. "Nami nilimkubalia."

"Najua," Delbert alisema. Akagusa sikio lake. Alikuwa amewasikia kwenye simu.

"Mbona hukuninunia?"

Delbert alifikiri kwa muda mrefu, akilipanga neno lisimtoroke. "Unaogopa," alisema.

"Naogopa kila siku. Nikiwa barabarani na wewe nyuma yangu, naogopa kila kinacholia." Alitazama mikono yake, myeusi hadi kwenye viwiko. "Lakini nitampigia leo. Nitamwambia tutarudi Aprili, kwa gari hili, nami nitaendesha. Mengine tutayazungumza tukifika. Na utakuwepo wakati wa kuzungumza, sitaki tena kusema mambo yako nyuma ya mgongo wako."

Delbert aliuchukua mkono wake mchafu, akaubusu juu ya vifundo.

Friji za aina hii hazina haraka. Ilifika kesho yake asubuhi ndipo siagi ikaanza kushika. Nadine alikuwa anaipaka kwenye mkate Delbert alipogonga meza kwa kidole na kuonyesha chini ya sinki, ambako pampu ya maji ilikuwa inakoroma kila bomba likifunguliwa.

"Leo hapana, bwana," Nadine alisema, akimsogezea sahani. "Leo fundi wako yuko mapumzikoni."