Vitamini ya Mama Ndeti

Kama kuna mtu katika mtaa mzima wa Satellite, Nairobi, aliyejua kujisifu bila kuona haya, ni Munyiva, mama yake Ndeti. Wengine hujisifu kwa watoto waliosoma au kwa nyumba za kupangisha. Yeye alijisifu kwa kuku. Alikuwa na kuku mia mbili wa mayai nyuma ya nyumba, na ukimsalimia kanisani, kabla hujamaliza kuuliza habari za asubuhi, alikuwa ameshafika pale anapopapenda: "Kuku wangu hawajui dawa. Hawajawahi kuonja. Mimi huwapa vitamini tu."

Watu walimwamini, kwa sababu mwenyewe alijiamini. Mwalimu Ivyne, mwenye shule ya chekechea kule Kangemi, alimwamini kuliko wote. Kila Jumatatu Munyiva alipeleka trei za mayai shuleni, na kila siku saa nne kila mtoto akapewa yai lake la kuchemsha. Watoto walimwita Shosho wa Mayai, yaani bibi yao wa mayai. Kwa jina hilo alitembea kifua mbele, na usingemwambia kitu.

Basi mwaka juzi, mvua za Aprili zilipoingia, kuku wakaanza kukohoa. Nyuso zikavimba, macho yakafumba, pua zikatoa kamasi yenye harufu mbaya. Munyiva alijikaza siku mbili. Siku ya tatu alishindwa, akaenda Ngara kwenye duka la dawa za mifugo, akanunua dawa huku akigeukageuka kama muumini anayenunua pombe. Akawapa. Wapi! Akabadilisha dawa. Kuku wakazidi kufa, na jirani yake Mungai, ambaye naye alifuga, akawa anachungulia juu ya ua.

"Mama Ndeti, kwani hao kuku hawasikii dawa?"

"Watasikia."

"Ama ni viziwi?"

Siku nyingine angemjibu mpaka akose pa kuweka uso. Siku hiyo aliingia ndani, akampigia simu Waithaka, daktari wa mifugo wa wadi yao.

Waithaka alikuwa kijana mpole, mwenye subira ya mtu aliyezoea kupigwa teke na ng'ombe. Alichukua kuku wawili wagonjwa akawapeleka maabara kule Kabete, na wiki iliyofuata akarudi na karatasi.

"Mama, viini vya huu ugonjwa vimezoea dawa. Hii ya kwanza hapa haivifanyi kitu. Inaonekana umewapa kuku kwa muda mrefu sana."

"Mimi?" Munyiva alisimama wima. "Daktari, uliza mtu yeyote hapa. Kuku wangu hawajui dawa! Umekuja kwangu kunitusi?"

"Sijakutusi, mama. Nionyeshe tu chenye huwa unawapa."

Akamletea pakiti ya vitamini, ile aliyokuwa akiitia kwenye maji ya kuku kila wiki kwa miaka mitatu. Mbele ilikuwa na picha ya yai kubwa na maneno mekundu ya kuahidi mayai mengi. Waithaka hakujishughulisha na mbele. Aliigeuza, akaweka kidole chini kabisa, penye maandishi madogo kama mayai ya chawa, akamwomba mama avae miwani.

Munyiva akasoma. Vitamini A. Vitamini D. Halafu neno refu ambalo ilibidi alitafune polepole: ok-si-te-tra-sai-klini. Akachukua karatasi ya maabara. Neno lilelile lilikuwa pale, mstari wa kwanza, na kando yake imeandikwa kwa lugha ya kidaktari kwamba dawa hiyo haifui dafu.

"Kwani hii ni dawa?"

"Ni dawa kabisa, mama, ya kutibu. Wameichanganya na vitamini. Sasa ukiwapa kidogo kidogo kila wiki, haitibu kitu. Inafundisha tu viini kuizoea. Na hivyo viini havikai kwa kuku peke yake. Vinaingia kwa watu. Mtoto akigonjeka, unampa dawa, inakataa."

"Na mayai?"

"Dawa nyingine hubaki ndani ya yai, mama."

Munyiva aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alihesabu wale watoto wa Kangemi mmoja mmoja kwa majina, akafika kumi na saba akashindwa kuendelea. Aliona haya. Miaka mitatu alikuwa amesimama mbele ya watu akisema jambo ambalo halikuwa kweli, tena kwa sauti kubwa, tena akipigiwa makofi.

Angeweza kunyamaza. Siri hiyo waliijua wawili tu, na Waithaka hakuwa mtu wa maneno. Lakini wanaodharau majivuno hawajui kwamba mara nyingine ndiyo yanayomshika mtu asianguke. Munyiva alipenda sifa, naam, ila hakuweza kulala na sifa aliyojua ni ya uongo. Mwalimu Ivyne alipoitisha mkutano wa wazazi, alikwenda, akasimama mbele yao, akainua ile pakiti.

"Nimekuwa nikiwaambia kuku wangu hawajui dawa. Wanaijua. Iko humu ndani, na mimi sikusoma."

Mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni aliuliza, "Kwa hivyo watoto wetu wamekuwa wakikula dawa miaka yote hiyo?"

"Huenda wamekula. Na mimi ndiye nimewaletea. Nisameheni."

Wengine walinung'unika, wengine wakampa pole. Mwalimu Ivyne, ambaye hakuwa na kawaida ya kupamba maneno, alimsindikiza hadi getini. "Mama Ndeti, siwezi kuendelea kuchukua. Ukitaka kurudi, rudi na karatasi ya maabara. Mlango hautafungwa."

Basi hilo likawa lengo lake. Hakutaka kitu kingine duniani ila kurudi kwenye sahani za plastiki za wale watoto, safari hii kwa haki.

Alianza upya kabisa, bila hata kuku mmoja wa zamani. Banda lilisuguliwa mpaka saruji ikang'aa, likapakwa chokaa, likaachwa tupu wiki nyingi. Alitoboa madirisha mapana hewa ipite, akamwaga maranda makavu, na vifaranga wapya walipofika alifuata siku za chanjo kama mama wa kliniki. Kisha akaweka sheria moja iliyomletea maadui: hakuna kiatu cha nje kinachoingia bandani. Mlangoni palikuwa na beseni la maji yenye jiki ya kuua viini na jozi moja ya ndara za pinki.

Hata Pasta Kimanzi, aliyekuja na Biblia na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa, hakupona.

"Pasta, maombi yaingie. Viatu vibaki."

Pasta aliombea kuku akiwa na ndara za pinki, visigino vikining'inia nyuma, na kina mama wa kanisa waliokuja naye wakaitikia amina huku wameuma leso wasicheke.

Kuku walipoanza kutaga, mayai yalikuwa machache kuliko zamani. Mungai alicheka. Alisema jirani yake amegeuza banda kuwa wodi ya wagonjwa mahututi. Munyiva alimwacha acheke, akaendelea kugeuza maranda, kuosha vyombo vya maji na kuwatenga waliozubaa. Kufikia mwezi wa nne wa kutaga, trei zilikuwa zinajaa vizuri, bila chembe ya unga wa pakiti. Siku moja Mungai hakuchungulia juu ya ua. Alizunguka, akabisha hodi getini, akauliza kwa sauti ya chini jiki huchanganywa kiasi gani. Munyiva alimpimia mwenyewe, na siku hiyo aliimba mpaka jioni.

Karatasi ya maabara ilitoka mwezi wa Julai: mayai safi. Mwalimu Ivyne aliisoma mara mbili, akasema, "Jumatatu ya mwisho wa mwezi, lete."

Wiki moja kabla ya Jumatatu hiyo, kwenye ile baridi ya Julai inayoingia mpaka kwenye mifupa, kuku wanane wakaanza kukohoa.

Munyiva hakukimbilia Ngara. Alimwita Waithaka, sampuli zikaenda Kabete, na Alhamisi majibu yakaja: safari hii kuna dawa itakayofanya kazi. Waithaka alimwandikia siku za kuwapa na kipimo chake. "Lakini mama, kutoka leo hakuna yai linatoka hapa wiki mbili. Kuuza hapana, kupeana hapana. Unamwaga."

"Jumatatu ni siku yangu ya shule, Daktari."

"Najua, mama."

Aliwapa dawa. Kufikia Jumapili kuku walikuwa wamefumbua macho na wanagombania chakula. Munyiva alisimama mlangoni akawatazama, akalia kidogo kwa furaha, halafu akachukua jembe. Alichimba shimo nyuma ya banda, akavunja mayai humo, trei baada ya trei. Mungai alishika kichwa.

"Mama Ndeti, si unipee mimi nikaange!"

"Hata wewe hupati. Una watoto nyumbani."

Jumatatu saa tatu na nusu alifika Kangemi mikono mitupu. Angeweza kupiga simu, lakini jambo hili alitaka kulisema kwa mdomo wake. Getini alikuta jamaa mwenye pikapu iliyojaa trei, akimbembeleza Mwalimu Ivyne amjaribu. Ndani, watoto walikuwa wameshaketi na sahani zao.

"Mwalimu, leo sijaleta," Munyiva alisema. "Kuku waligonjeka, tukawapa dawa. Wamepona, lakini mayai yao ninayamwaga, na nitaendelea kuyamwaga mpaka siku ziishe. Sitawaletea hawa watoto."

Mwenye pikapu aliona nafasi yake. "Si unaona, Mwalimu? Kuku zake ni wagonjwa. Zangu ziko sawa kabisa. Nishushe?"

Mwalimu Ivyne alimgeukia. "Na wewe ukiwapa dawa, mayai ya siku hizo huwa unayapeleka wapi?"

Jamaa alitazama trei zake, kisha tairi la pikapu.

"Annah!" Mwalimu alimwita mpishi. "Watoto wapewe ndizi wiki hii na ijayo. Mayai tunangoja ya Mama Ndeti."

Munyiva alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine yote ila hayo. Kifua kilimjaa fahari akahisi miguu haigusi chini. Msichana mmoja mdogo alitoka kwenye benchi, akamshika leso.

"Shosho, yai yangu iko wapi?"

"Nimelimwaga, mjukuu wangu," Munyiva alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. "Nimelimwaga mimi mwenyewe!"