Mashine ya Maboksi

Venant alilibana boksi kwa kiwiko cha kulia akalikata kwa mkono wa kushoto, taratibu, akifuata mstari aliouchora kwa rula. Juu ya meza ya chakula, katika nyumba yao ya Riverdale Park, Marekani, mashine ya kupiga pasi mashuka ilikuwa inaanza kuonekana: rola mbili, sehemu ya kuingizia shuka, na mbele yake ubao mwembamba wa usalama.

"Baba Arakaza, rola imekaa upande," alisema mkewe, Ineza.

"Hata ile ya kazini, kule Manassas, ilikaa upande."

"Na ikala vidole vyako. Hii usiipe chakula."

Kesho kutwa angeipeleka mbele ya hakimu wa madai ya wafanyakazi, aonyeshe ajali ilivyotokea. Ubao ule ukiguswa na mkono, mashine husimama. Siku rola zilipomvuta mkono, ubao ulikuwa umefungwa kwa kitambaa, na kampuni ya kufulia ilisema aliyeufunga ni yeye mwenyewe. Hakimu akiamini hivyo, hakuna wa kulipia upasuaji wa pili, na bila upasuaji huo kidole gumba kisingegusa tena vile viwili vilivyobaki.

Tabu ni kwamba alikuwa amekiri. Siku ile meneja, Cheryl, alifika hospitalini akauliza nani alifunga ubao. Gwakisa, msimamizi wa shifti, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Ndiye aliyemtafutia Venant kazi, na kanisani alikuwa kwake kama baba. Mtu wa namna hiyo hatajwi mbele ya bosi wake. Venant akasema, "Mimi," akidhani neno litaishia chumbani mle. Kumbe liliandikwa.

Hakumwekea Gwakisa kinyongo. Jana, baada ya ibada, alimwambia tu, "Mzee, kesho uje uniangalizie kazi yangu. Wewe unaijua mashine kuliko mimi."

Na sasa hodi ilipigwa. Gwakisa aliingia na koti lake, hakulivua. Akaizunguka meza mara mbili.

"Umeiweza, bwana! Hata meno ya gia umeyachonga." Kisha akainamia kitambaa kilichofungwa kwenye ubao. "Hili fundo kafunga nani?"

"Mimi," alisema Ineza. "Huyu ana mkono mmoja."

"Hapana, mama. Hivi linalegea kabla ya saa ya chai."

Akalifungua. Akapitisha kitambaa chini, akakizungusha mara mbili, akakivuta kwa gumba: fundo la kwao Tukuyu, la kukazia mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli. Shifti nzima ililijua, na hakuna mwingine aliyeweza kulifunga.

Mikono yake ikasita hapo hapo.

"Walitaka mashuka mia tisa kwa shifti," Gwakisa alisema. "Shuka likijikunja kidogo, ubao unasimamisha mashine. Nikaufunga. Mwaka wa tatu huu."

"Najua, mzee."

"Nawe ukanibeba pale, na bandeji bado inalowa damu."

"Nilikubeba. Lakini kwa mkono mmoja sifiki mbali."

Gwakisa alicheka bila kutaka, akajifuta uso kwa kiganja. "Ni saa ngapi hiyo kesho kutwa?"

"Saa tatu asubuhi."

"Watanifukuza kazi."

"Huenda." Venant hakutaka kumdanganya.

Mzee alilikaza lile fundo. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye kiti.

"Cheryl nitamwambia mwenyewe kesho, asije akalisikia kwanza nikilisema mbele ya hakimu. Haya, nipe makasi. Rola yako kweli imekaa upande."

"Nilisema mimi!" Ineza alidakia toka jikoni.

Walifanya kazi mpaka gundi ikaisha. Rola zilinyooka. Swichi ya kuzimia tu ndiyo iliyobaki, na Venant akaanza kuichora.

"Iache," alisema Gwakisa, akivaa koti. "Nikitoka kwa Cheryl napita hapa na gundi. Bila mimi utaiweka pabaya."

Venant akaweka penseli chini.