Miguu Iliyosusa Uchaguzi

Mguu wangu wa kulia ulinihama usiku wa kuamkia siku ya kura, na ulinihama kwa sababu za kisiasa. Ndivyo nilivyoota, na ndivyo ninavyoeleza.

Kwanza mjue ugomvi wenyewe. Mimi ni muuza nyama katika soko la kata yetu, tena ni katibu mwenezi wa tawi la Chama cha Kinu. Mwezi wa nane tulipiga kura za maoni kumpata mgombea wa udiwani. Mimi nilikuwa mtu wa Lutengano, jirani yangu, fundi baiskeli. Lutengano akaangushwa na Sikudhani, mdogo wake mke wangu. Shemeji yangu kabisa. Lutengano akanuna, mimi nikanuna, kundi letu zima likanuna. Nikatangaza mbele ya bucha yangu kwamba siku ya kura watu wetu watashinda wamelala, tuone huyo Sikudhani atachaguliwa na nani.

Wenzetu wa Chama cha Taa walifurahi mno. Mgombea wao ameahidi kulihamishia soko ng'ambo ya mto. Soko likihama, bucha yangu imekufa. Hilo nilikuwa nalijua, na nilinuna hivyo hivyo.

Basi, katika ndoto ni mchana, jua kali, nami naamka kitandani kwenda kunywa uji. Mguu wa kulia unaelekea mlangoni. Wa kushoto unaelekea uvunguni.

"Wewe, unakwenda wapi?" nauuliza wa kulia.

"Kupiga kura."

"Nani kakutuma?"

"Nina kadi yangu."

Wa kushoto unajibu kutoka uvunguni: "Mimi nimesusa. Mwenezi alisema tususe. Natii chama."

"Hutii chama, unatii kundi," unasema wa kulia.

"Na wewe umehongwa soksi."

Kwa kuwa mmoja unavuta huku na mwingine kule, nabaki kuzunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Mke wangu anapita na bakuli la uji, ananikwepa.

"Mama Shukurani, nisaidie."

"Hayo mambo ya chama, Baba Shukurani. Mimi nitakusaidia kumaliza uji."

Akaumaliza.

Nikazunguka mpaka nikaufikia mlango wa choo. Nikaufungua, ndani ikawa ofisi ya tawi. Sikushangaa. Mabenchi yalikuwa yamejaa miguu peke yake, wenyewe wamebaki kwao wamelala. Mingine ilivaa kandambili, mingine mabuti ya shamba, na mmoja ulikuwa umepakwa rangi nyekundu kwenye kucha. Nikaujua, ni wa mweka hazina wetu. Ya kulia ilikaa upande wa mlango, ya kushoto upande wa dirisha, na hakuna mguu uliougeukia mwenzake.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa kinu chenyewe, kile cha mti tunachokibeba kwenye mikutano ya hadhara. Kimevaa kofia ya chama.

"Kinu!" kikaita.

"Twanga!" ikaitikia miguu ya kulia, ikipiga sakafu. Ya kushoto ilikunja vidole tu.

"Ajenda ni moja," kikasema kinu. "Kuvunja makundi. Yaleteni."

Yakaletwa makundi mawili, makubwa kama mitungi ya pombe, yananung'unika. Nyundo ikaingia, ikabisha hodi ikiwa ndani tayari, ikalipiga kundi la Lutengano. Vipande vikatapakaa, na kila kipande kikasimama, kikachagua mwenyekiti wake. Ikalipiga kundi la Sikudhani. Mambo yakawa yaleyale.

"Sasa tuna makundi mangapi?" kinu kikauliza.

"Hayahesabiki, mheshimiwa," ikajibu nyundo.

"Endelea kuvunja."

Kufikia hapo kulikuwa na kundi la visigino, na lingine la vidole vidogo, ambavyo vilidai tangu chama kianzishwe havijawahi kutangulizwa mbele.

Pembeni nikamwona Lutengano. Yeye alikuja mzima mzima, ila miguu yake ameipakata mapajani, anaitia grisi kama mnyororo wa baiskeli.

"Lutengano, umeona tulichokifanya?"

"Tuliwaambia wasuse kura, Mwenezi. Hatukuwaambia wasuse kutembea. Mimi tangu juzi sijafika hata msalani."

"Sasa tufanyeje?"

"Mwenezi ni wewe. Eneza."

Kabla sijaeneza kitu, Sikudhani akaingia. Alikuwa ndani ya toroli, na toroli linajisukuma lenyewe.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kuomba mguu."

"Unaomba kura?"

"Kura nimechoka kuomba. Nipe mguu mmoja wa kushoto. Watu wangu wote wana wa kulia, wanakwenda wakirukaruka, wamefika kwenye mtaro wameanguka wote."

"Kaombe kwa waliokuchagua."

"Kha! Shemeji, kila sikukuu unakula kwangu, na mimi kila nikija kwako unaniuzia maini yaliyolala. Nimewahi kusema?"

"Jambo la maini liandikwe," kikasema kinu.

"Lisiandikwe," nikasema mimi.

Wakati huo sanduku la kura likachungulia dirishani, linapiga miayo.

"Bado mpo?" likauliza. "Mimi nafunga saa kumi. Na nina njaa. Tangu asubuhi nakula Taa, Taa, Taa."

"Kwa hiyo wewe unawapenda Taa?"

"Simpendi mtu. Nakula ninacholetewa. Nasikia huku kuna watu wamekasirika sana. Hizo hasira hazijanifikia."

Nyuma ya sanduku nikaona soko linahama. Meza za nyanya zimejikunja, zinateremka mtoni kwa mstari. Nyuma kabisa ni bucha yangu, imejitwika mizani kichwani. Ilinipita bila kuniaga.

Hapo nikaacha kununa. Mtu akiona bucha yake inavuka mto peke yake, anaacha.

"Mheshimiwa," nikakiambia kinu, "nyundo imeshindwa. Sema wewe."

Kinu kikavua kofia. "Kwenu nani alikuwa anatwanga?"

"Mama yangu na mke mwenzake."

"Walikuwa wanapatana?"

"Hata salamu hawakupeana. Mpaka kuku wao walikuwa hawachanganyiki."

"Walitwangaje?"

"Michi miwili, kinu kimoja. Huyu akipandisha, yule anashusha."

"Waligongana?"

"Hata siku moja. Tungelala na njaa."

"Basi," kikasema kinu, kikavaa kofia yake. Vinu havina hotuba ndefu.

Nikauinamia mguu wangu wa kushoto.

"Nisikilize wewe. Sikwambii umpende huyo wa kulia. Sikwambii umsalimie. Akishuka, panda. Akipanda, shuka. Kazi yenyewe ndiyo hiyo tu."

"Na nikimkuta Sikudhani huko mbele?"

"Mpite, nenda kwenye sanduku."

Ukafikiri. Ukajikuna kwa kidole gumba.

"Nani anaanza?"

"Yeyote."

"Basi naanza mimi."

"Anza bwana," ukasema wa kulia. "Mimi nilianza asubuhi, nikaishia kuzunguka chumba."

Tukatoka. Twa, twa, twa. Nyuma yetu miguu ya tawi zima ikapangana, wa kushoto na wa kulia, bila kutazamana, lakini kwa mdundo mmoja, mpaka vumbi la barabarani likawa jeupe kama unga. Kila nyumba tuliyoipita, miguu ya hapo ilimvuta mwenyewe kitandani, akatoka na shuka lake. Sikudhani alikuwa katikati, toroli lake limetulia, anaita "Kinu!" na barabara nzima inaitika "Twanga!" Lutengano aliifunga miguu yake kwa spana, akawa nyuma anakaza nati zilizolegea. Hata soko lilitusikia. Likasimama katikati ya mto, maji magotini, likasubiri.

Tunakata kona ya msikiti, kituo cha kura kiko golini, kwenye uwanja wa mpira. Sanduku ndilo golikipa.

"Kidole," anasema karani.

Nanyoosha mkono, mkono hautoki. Bado uko nyumbani chini ya mto wa kulalia.

"Kidole chochote, mzee. Foleni ndefu."

Mguu wa kushoto unajitokeza, unanyoosha kidole chake kidogo, unachovya kwenye wino. Kisha unaipiga karatasi ya kura shuti moja safi. Sanduku linaidaka kwa mdomo, linatafuna.

"Hii ya nani?"

"Ya mtu aliyekasirika," nasema.

"Mbona ladha yake ni ileile," linasema sanduku, linafunua mdomo kwa ajili ya anayefuata.

Nikaamka. Mama Shukurani alikuwa ananitikisa bega.

"Usiku kucha unatwanga godoro kwa miguu! Una nini wewe? Vituo vimeshafunguliwa, watu wa Taa wamepita hapa wanaimba."

Nikafunua shuka. Kidole kidogo cha mguu wangu wa kushoto kilikuwa na wino wa zambarau, umeingia mpaka kwenye kucha.

Nikakisugua kwa sabuni. Nikachukua mswaki wa kwanza nilioushika, nikasugua tena. Wapi. Nikatoka nje pekupeku, nikachungulia kwa Lutengano. Ameketi juu ya tairi, mguu wa kushoto ameupandisha gotini, anasugua kwa kitambaa.

"Usiniulize, Mwenezi," akasema bila kuinua kichwa.

"Sikuulizi. Umejaribu petroli?"

"Ndiyo hii."

"Haitoki?"

"Haitoki."

Tukiwa hapo, Sikudhani akapita na wanawake wawili, wanaelekea kituoni. Tangu siku ya kura za maoni, akinisalimia mimi hutazama mabati ya nyumba.

"Shikamoo, shemeji," akasema, kwa mazoea tu, huku anakwenda.

"Marahaba."

Akasimama. Akatutazama nyuso, halafu akatazama chini.

"Mbona pekupeku asubuhi yote hii?"

"Tunavaa viatu, dada," Lutengano akajibu. "Wewe tangulia, tunawapitia na wenzetu."

Basi, ndoto hiyo imenigharimu kipande kizima cha sabuni ya mche, mswaki wa mke wangu, na marahaba moja niliyokuwa nimeibana tangu mwezi wa nane. Sabuni na mswaki nitanunua.