Kurasa Mbili Nilizoziruka

Kitabu cha dada yangu kina kurasa mia mbili na kumi na mbili. Jina langu limo mara moja tu, ukurasa wa tisini, na hapo naumwa surua.

Nililitafuta jina hilo kabla ya kusoma chochote kingine, siku Jedida alipotuletea nakala mbili nyumbani Ganze, moja ya Baba na moja yangu. Baba hakuingia darasani hata siku moja. Aliipokea nakala yake kwa mikono miwili, akainusa, akaiweka juu ya kabati pamoja na Biblia ya marehemu mama.

"Kinazinduliwa Jumamosi, Kilifi, ukumbi wa chuo kikuu," Jedida alimwambia. "Nataka ukae mbele, Baba. Wewe ndiye utakayekifungua mbele ya watu."

"Nifungue kitu nisichokijua? Kadii atanisomea kwanza. Nikishakisikia nitakwambia kama naja."

Jedida akanigeukia akicheka. "Msomee vizuri basi, mwalimu. Usimlaze usingizi."

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Jedida ni mshairi. Amekuwa akiandika juu ya miti tangu alipokuwa kidato cha pili, na sasa ameandika maisha yake mwenyewe na msitu uliotoweka nyuma ya nyumba yetu. Mimi pia huandika mashairi. Yamejaa madaftari mawili, na hakuna aliyewahi kuyaona.

Kila alasiri nikitoka shule nilimsomea Baba barazani huku akipukuchua mahindi. Alikuwa msikilizaji mgumu.

"Mwongo huyu! Mbuzi wa jirani yetu Nyale hakumfukuza mtu. Jedida alikimbia mwenyewe, akapoteza kiatu."

"Ndivyo alivyoandika, Baba."

"Haya, soma. Tumwache na mbuzi wake."

Siku ya tatu Mama Pola, jirani yetu, alipita na mtungi wa maji kichwani. "Kadii! Jana nimemsikia dadako redioni. Sauti kama asali! Na wewe utatoka lini, tukusikie?"

"Mimi hutoka saa saba, Mama Pola, watoto wakishakunywa uji."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Alhamisi tulifika ukurasa wa sitini na tatu. Nilikuwa nimeusoma peke yangu mara kadhaa, kwa hiyo nilijua kinachokuja. *Baba yangu aliumaliza msitu wa miti ya mirihi kutoka nyumbani kwetu hadi barabarani. Nilihesabu matanuri yake ya makaa: arobaini na moja. Kila palipokuwa na kivuli palibaki kovu jeusi.*

Nilisoma polepole, kila neno kwa sauti safi ya darasani. Mikono ya Baba ikasimama juu ya gunzi.

Nyuma ya ukurasa huo kulikuwa na kurasa mbili nyingine. Jedida ameandika humo kwamba matanuri yale yalikuwa karo yake. Kwamba msitu ule aliula yeye, kwa kalamu. Ameandika kwamba Baba alipotoka tanurini jioni, hata akiwa na njaa, alinawa masizi kwanza ndipo akalishika daftari la Jedida alitazame, asije akalichafua. Halafu ameweka ubeti huu:

*Mti hauna mguu, wa kulikimbia shoka,*
*Na baba hana nafuu, ya ada ninayotaka.*

Nilipousoma mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika. Zamu yangu ya shule ilipofika, mirihi ilikuwa imekwisha na Baba alikuwa ameacha makaa, analima. Nilisomeshwa kwa basari ya kaunti. Niliyaonea wivu hata yale masizi.

Nikageuza karatasi mbili kwa pamoja, nikaanza ukurasa wa sitini na sita.

"Ngoja," Baba alisema. "Habari ya matanuri imeishia hapo?"

"Imeishia hapo."

Akapukuchua hindi moja, la pili, kisha akainuka. "Mpigie Jedida. Mwambie mgongo unaniuma. Siji."

Furaha niliyoipata naionea haya mpaka leo. Nilimpigia Jedida, nikamwambia habari ya mgongo. Aliuliza kama Baba amemeza dawa. Nikasema amemeza.

Ijumaa niliporudi kutoka shuleni sikumkuta barazani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kiraka kimoja cheusi kisichoota hata nyasi. Alikuwa amesimama tu.

"Kadii, na wewe waniona hivyo? Mtu aliyemaliza msitu?"

"Hapana, Baba."

"Lakini ni kweli, niliukata. Jedida hakunisingizia. Nilidhani tu amekumbuka na jambo jingine."

Sikuweza kuvumilia uso wake. Nilikimbia ndani, nikarudi na kitabu, nikamsomea zile kurasa mbili pale pale juani. Sauti ya darasani sikuiona. Nilipomaliza ubeti alikuwa ametazama chini.

"Jana kurasa hizo zilikuwa wapi?"

"Niliziruka."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi." Machozi yalikuwa yameshanitoka. "Hukuwahi kulinawia mikono daftari langu."

Alinitazama, si kwa hasira. "Daftari lipi, mwanangu? Umewahi kunionyesha daftari?"

Alinishika bega, akaniambia nimtafutie shati lake la kanisani.

Jedida alikuja Jumamosi asubuhi na gari la kuazima. "Mgongo vipi, Baba?"

"Umepona. Kadii amenisomea vizuri."

Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza. Akaingia mbele, akafunga mlango.

Tulikuwa tumeshaiacha Ganze nyuma niliposema, kwa sauti ndogo kutoka kiti cha nyuma, "Dada, niliziruka kurasa mbili. Sitini na nne na sitini na tano. Ndiyo maana alikataa kuja. Hakuumwa."

Jedida aliyapita kwanza magari mawili ya mchanga.

"Ningekuwa wewe," alisema, "ningekichoma kizima."

"Mimi makaa niliacha," Baba akasema. "Msinirudishe."

Jedida alicheka kwanza, kisha nami nikacheka, ingawa alikuwa bado hajanitazama kwenye kioo.

Ukumbini Baba alikaa mbele, karibu na Jedida. Alipokifungua kitabu watu walisimama, na Jedida akaegemeza kichwa begani kwake. Mimi nilikuwa safu ya nne. Wivu haukuwa umeniacha. Nilisimama pamoja na wengine nikapiga makofi, nikiwaza ni daftari lipi kati ya yale mawili nitakalomsomea Baba kwanza, na kama nitathubutu.