Kanda ya Maskati

Je, umewahi kuona sauti ya mama yako ikitafunwa mikononi mwako? Hayo yalimpata Najma, akiwa njiani kutoka Boko kwenda Chang'ombe kwa mjomba wake, Mudathir. Mama yake hakujua kuandika, kwa hiyo barua kwa Baba, aliyekuwa Maskati mwaka wa sita sasa, alizisema kwenye kanda. Najma alipewa redio ndogo ya masikioni na kanda ya taarabu ya kumliwaza njiani, akakanywa asiiguse ile nyingine, barua ya Baba aliyokuwa akiipeleka kwa mjomba.

Akaigusa. Alimsikia Mama, "Sie wazima, baba Najma, usihangaike kurudi," kisha sauti ikawa nzito kama ya mlevi, ikakatika. Betri zilikuwa kuukuu, za kuanikwa juani zipate nguvu kidogo. Utepe ulikuwa umejisokota ndani ya redio kama utumbo wa kuku.

Alifika mlangoni kwa mjomba. Msafiri wa kuipeleka kanda Maskati alikuwa anaondoka adhuhuri ile ile.

"Shikamoo, Mjomba. Kanda ya Mama nimeiharibu."

"Marahaba. Masikio hayo, mwanangu, punda atakudai!" Lakini mjomba hakucheka. Alitia kanda mpya kwenye redio kubwa, akabonyeza kitufe chekundu. "Haya, sema alivyosema mama yako. Upesi!"

Najma akaisogelea redio.

"Sie wazima, Baba," alianza, kanga ikimlowa jasho viganjani. "Mama anasema usihangaike..." Utepe ukazidi kuzunguka.

"Uongo, Baba. Mama hulia akidhani nimelala. Mie nataka urudi nyumbani."