Mbio za Kwenye Cherehani

Siku majibu ya hospitali yalipotoka, Fundi alikuwa anatia marinda sketi ya shule, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza rinda la nne. Ndivyo alivyo. Nyumba ingewaka moto angekwambia subiri kwanza nikate uzi. Wifi yake, mke wa mdogo wake, aliingia na bahasha mkononi huku akihema, na nyuma yake mama yao, wote wawili wakicheka na kulia kwa pamoja. Watu saba wa ukoo walikuwa wamepimwa. Mama alipimwa wa kwanza na kukataliwa wa kwanza, maana ana miaka sabini na miwili na sukari iko juu. Wengine damu hazikupatana. Aliyefaa kumpa mdogo wake figo alikuwa Fundi peke yake.

Mama alimkumbatia pale pale kwenye kiti, akamlowanisha bega kwa machozi. "Ahsante mwanangu. Ahsante, ahsante." Wifi akapiga simu kwa ndugu wa mbali na wa karibu. Mpaka saa saba mchana Fundi alikuwa ameshashukuriwa na watu kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anatoa.

Hapo ndipo ganzi ilipomwingia. Haikuwa hasira, wala woga. Ilikuwa kama shavu lililochomwa sindano kwa daktari wa meno: unajua ni lako, lakini ukiling'ata hulisikii. Alimaliza sketi. Akaanza nyingine.

Hospitali waliweka sharti. Muuguzi anayeshughulikia watoaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimpima Fundi akatikisa kichwa. Uzito umezidi, presha imepanda. Apunguze kilo tisa, presha ishuke, arudi baada ya miezi mitatu. Kisha akafunga mlango akamuuliza taratibu, "Unatoa kwa hiari yako, dada?"

"Ndiyo," Fundi alisema, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula.

Miaka ishirini na minne ya kukaa kwenye cherehani haimwachi mtu na kiuno cha nyigu. Kukimbia barabarani hakutaka, watu wana macho. Wifi ndiye aliyeleta dawa: mchezo wa mazoezi, ule wa kuunganisha kwenye televisheni. Unafunga mkanda mguuni chini ya goti, kijitu kinatokea kwenye kioo, ukikimbia papo hapo ulipo nacho kinakimbia, kinaruka mito, kinapanda milima, na sauti ya mwanamke inakupigia makofi.

Mama aliutazama kwa jicho la pembeni. "Tangu lini mtu akakonda kwa kutazama televisheni?"

"Mama, hatazami. Anakimbia."

"Anakimbia kwenda wapi?"

"Haendi popote."

"Basi nimesema nini mimi?"

Siku mbili za kwanza Fundi alikimbia kweli. Tuseme haki: alitoka jasho mpaka kwenye nyusi, na magoti yalimpigia kelele. Chumba cha mbele ndicho sebule na ndicho karakana yake, kwa hiyo alikimbia katikati ya vitambaa, pazia limefungwa, wifi akiwa kazini na mama akiwa amempeleka mdogo wake kwenye mashine ya kusafisha damu.

Siku ya tatu alipumzika kidogo katikati ya mlima, akakumbuka sketi thelathini za shule zilizotakiwa Ijumaa, akaketi. Mkanda ulikuwa bado mguuni. Alipoanza kukanyaga cherehani, kwenye televisheni kijitu kikaanza kukimbia.

Aliacha kukanyaga, nacho kikasimama. Akakanyaga, kikaenda. Fundi alishona pindo la sketi nzima akikitazama kinavyopanda mlima ambao yeye ulikuwa umemshinda, na kileleni yule mwanamke akashangilia na karatasi za rangi zikamwagika kioo kizima. Hakucheka. Alichukua sketi ya pili.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilikwenda miezi mitatu bila kukwama. Kila asubuhi, mama akiwa hospitali au sokoni, Fundi alifunga mkanda, akawasha mchezo, akashona. Jioni wifi akirudi alikuwa anatazama alama na kupiga vigelegele. "Wifi! Umekimbia kilomita kumi na nne leo! Umri wa mwili wako, miaka ishirini na tisa!" Mama akaacha kuukebehi mchezo, akaanza kuusifia kwa majirani. Akawa anamwekea Fundi nyama iliyo nono, akakumbuka, akaiondoa, akamwekea mboga za majani. Fundi alikula alichowekewa. Mchana, wakiwa wametoka, alikula mkate na chai yenye vijiko vinne vya sukari, huku anakimbia.

Ungemuuliza kwa nini, asingekujibu. Si kwamba alikaa akapanga. Alimpenda mdogo wake, alikuwa na hakika, kama mtu anavyokuwa na hakika kuwa ufunguo uko mkobani bila kuupapasa. Ila kutoa alikuwa ameshatoa sana. Alitoa nafasi yake ya shule akiwa na miaka kumi na saba ili mdogo wake amalize ya kwake, na sare za mdogo huyo zote alizishona yeye. Kila mara alishukuriwa kabla ya kuulizwa. Safari hii mwili ulikataa, naye akaukalia kimya kuona utafika wapi.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, na kilikuwa kwenye tepu ya kupimia. Wifi naye alikuwa anacheza. Jioni akitoka kazini, alivua viatu, akafunga mkanda, akakimbia nusu saa, akiruka na kutukana kijitu kikianguka mtoni. Hakuwa na sababu zaidi ya kumtia moyo mwenzake. Mwezi wa kwanza ulipokwisha alileta gauni lake la kazini lipunguzwe kiuno. Mwezi wa pili akalileta tena. Fundi alimzungushia tepu akaona: vidole vitatu vimeondoka. Tepu haina undugu na mtu. Ngazi ambazo wifi alikuwa anazipanda akisimama mara mbili, sasa alizipanda akiimba.

"Unaona?" wifi alisema, akijigeuza mbele ya kioo. "Na mimi ninacheza nusu saa tu. Wewe wa kutwa nzima si utapeperuka!"

"Geuka," Fundi alisema, pini mdomoni.

Siku ya kupimwa walikwenda watatu, yeye, mdogo wake na mama. Muuguzi alimpandisha kwenye mzani, akamfunga mkono, akabonyeza mpira wa presha, akapima tena mkono wa pili. Uzito ulikuwa umeongezeka kilo moja na nusu. Presha ilikuwa pale pale ilipoachwa.

Muuguzi alivua miwani ikaning'inia kifuani. Akaenda akafunga mlango. "Ulifanya mazoezi gani?"

"Mchezo wa televisheni."

"Michezo ile inasaidia kama inakutoa jasho. Moyo haujui kama uko barabarani au sebuleni, unachojua ni kwamba umefanyishwa kazi." Akamtazama kidogo. "Wako haukufanyishwa. Sasa sikiliza, dada. Naweza kutoka hapo nje nikawaambia kwamba hufai, basi. Sina ruhusa ya kueleza zaidi, na hakuna atakayejua. Nifanye hivyo?"

"Fanya," Fundi alisema.

Kwenye benchi la ukumbini, baada ya muuguzi kuwaambia kwamba hafai, na mama kwenda chooni kulia, mdogo wake alisogea karibu. Alikuwa amevimba macho, na mkononi ana uvimbe kwenye mshipa anaochomwa sindano za mashine ya damu. Alizungumza akitazama sakafu.

"Dada, chumba changu na chumba cha mbele ukuta ni mmoja."

Fundi naye akatazama sakafu.

"Siku nisizokwenda kwenye mashine nakuwa nimelala pale. Nasikia yule mwanamke anavyoshangilia, nasikia na cherehani. Vyote kwa pamoja. Mwezi wa kwanza nilikasirika. Baadaye nikawa nangoja cherehani kinyamaze. Kila asubuhi nasema labda leo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Simama ukimbie, nataka figo lako?" Alijaribu kucheka. "Unaogopa?"

Fundi alijitazama ndani kama anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia. "Sijui. Sihisi kitu."

"Mimi naogopa," mdogo wake alisema. "Naogopa sana, dada. Na nyumbani hakuna wa kumwambia, wote wanatabasamu."

Alimshika mkono. Fundi aliuona mkono wake umeshikwa. Mama akarudi, wakaenda nyumbani.

Jioni, wifi alipofika na kuambiwa, alikaa kwenye mkono wa kochi bila kuvua viatu. Mama alikuwa ameshaanza. Alikuwa anazunguka chumba cha mbele, kati ya televisheni na marobota ya kitambaa, akiulaani mchezo, duka lililouuza na fundi wa kiwanda aliyeutengeneza. "Nilisema mimi! Nilisema siku ya kwanza! Mtoto wa watu amekimbia miezi mitatu, amejinyima, halafu kumbe tunachezewa akili! Chukua kidude chako ukirudishe walikokuuzia!"

"Mama, basi," mdogo wake alisema kutoka mlangoni. "Kila mwili na mambo yake. Haya madude hayafanyi kitu."

"Yanafanya," wifi alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema polepole, kama mtu anayejumlisha hesabu asiyotaka kupata jibu lake. "Mimi nimepungua. Nusu saa tu, na sijajinyima chochote. Wifi, gauni hili umelibana mara mbili kwa mikono yako."

Mdogo wake alimtazama Fundi, akatikisa kichwa kidogo sana, kumaanisha nyamaza, nimeshakufunika. Na angeweza kunyamaza. Muuguzi alimfungia mlango mmoja, mdogo wake alikuwa anamfungia wa pili, na mchezo usingejitetea. Lakini kumwachia mdogo wake, anayeogopa, alibebe na hili pia, ilikuwa kumkamua mtu aliyekwisha kukauka.

"Mchezo hauna kosa," Fundi alisema. "Sikukimbia. Nilikuwa nafunga mkanda nashona."

"Unashona?" mama aliuliza.

"Miezi yote mitatu. Na hata nikipewa mwaka, mama, sitoi. Sitaki. Sikutaka tangu siku ile."

Wifi aliziba mdomo kwa mkono. Fundi alingoja kelele. Alingoja kofi hata, kwa umri wake ule. Alikuwa amemwaga mtama, na aliyemwaga mtama hungoja kuku.

Mama hakupiga kelele. Alimtazama binti yake muda mrefu, kama anayemsoma usoni kitu kilichoandikwa kwa maandishi madogo. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Kiwashe."

"Nini, mama?"

"Hicho kidude. Na huo mkanda nifunge mimi."

"Mama, wewe ulishakataliwa," mdogo wake Fundi alisema.

"Walinikataa kabla sijakimbia."

Wifi aliwasha. Kioo kikauliza umri, akabonyeza chochote kilichokuja kidoleni. Mama alivua viatu, akapandisha gauni mpaka magotini, akafungwa mkanda, akasimama mbele ya televisheni na mikono ameikunja kama mtu anayefukuza kuku. Akaanza. Miguu ilitoka sakafuni kiasi cha kupitisha kitambaa, chini, juu, chini, na pumzi ikamkatika kabla hajafika hatua ya kumi. Hakuacha. Mdogo wake Fundi alikuwa amegeukia ukuta.

Kijitu kilisimama tu.

"Mbona hakiendi?" mama aliuliza. "Nakimbia. Mbona hakiendi?"

Mkanda ulikuwa umemteremka hadi kwenye kifundo. Mguu wa mama ulikuwa mwembamba, mkanda ulipimwa kwa watu wenye nyama. Wifi aliliona hilo lakini alikuwa analia, hakuweza kusogea. Fundi ndiye aliyepiga magoti. Aliupandisha mkanda mpaka chini ya goti, akaukunja uliozidi, akatafuta pini kwenye ukosi wa gauni lake. Vidole vyake vilikuwa kwenye ngozi ya mama yake, na chini ya ngozi mshipa ulikuwa unapiga, mwepesi, wa haraka, bila mpangilio. Hapo ganzi ikamtoka, shavu likaamka. Aliona huruma na aliona haya, vikaja pamoja, vikauma kweli kweli. Na pamoja na vyote hivyo, bado hakutaka kutoa.

Alichoma pini.

"Inakubana?" aliuliza.

"Kaza," mama alisema, bila kuacha kukimbia.

Akakaza.